Kutoka kadi iliyojaa hadi picha mbili: mwongozo kwa mpiga picha wa ridhaa kando ya Ziwa Kivu

Kubonyeza ndiyo kazi nyepesi. Ukiamka mapema hapa Bukavu, ukateremka upande wa Nguba kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Rwanda, ziwa lenyewe linakupa picha. Mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa hapa, inarudi kutoka kazi ya usiku, mitatu mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu ya nyavu imechomoza mbele na nyuma kama pembe, na wapiga kasia wanaimba. Unabonyeza tu. Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilirudi nyumbani na picha 312. Leo ninazoonyesha watu kutoka asubuhi ile ni mbili.

Mwongozo huu unahusu safari ya kutoka 312 hadi mbili, kisha kutoka kwenye kompyuta yangu hadi kwenye macho ya watu. Kamera yangu niliinunua kwa mtu aliyeitumia kabla yangu, na miaka miwili ya kwanza nilipiga kwa simu. Karibu kila ninachosema kinafanyika kwa simu pia.

Hatua ya kwanza: nakili kabla hujafuta

Ukifika nyumbani utatamani kukaa na kamera mkononi uanze kufuta zile mbaya. Acha. Kioo cha kamera ni kidogo, macho yamechoka, na kidole kinateleza. Kwanza nakili kila kitu kwenye kompyuta au diski ya nje. Nasema nakili, sisemi hamisha: umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, unaweza kukosa huku na kule. Mimi nilipoteza hivyo picha za saa mbili za mianzi ya Tshivanga, kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwa kompyuta ambayo betri yake ilikuwa imekufa zamani. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile, kama betri haina chaji, kadi inalala ndani ya kamera hadi kesho.

Ukimaliza kunakili, fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho uhakikishe zinafunguka. Ipe folda jina linaloanza na mwaka, kwa mfano 2021-07-18-nguba, folda zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Nakala ya pili weka kwenye diski inayolala nyumba nyingine. Yangu inalala kwa dada yangu Bagira. Hapo tu ndipo ufomati kadi, na ufanye hivyo ndani ya kamera yenyewe. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri, ila kwa bei ya mega za intaneti mimi napandisha zile chache zilizoshinda, basi.

Kama kamera inaruhusu, piga faili ghafi, lile ambalo menyu huliita RAW. Faili la JPEG limeshapikwa na kamera: rangi, ukali na mwangaza vimeamuliwa, na taarifa nyingine zimetupwa ili faili liwe dogo. Faili ghafi ni unga ambao bado hujausonga. Linakula nafasi, lakini ukikosea mwangaza kidogo una pa kurudia.

Hatua ya pili: chagua mara tatu, kwa siku tofauti

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Watu wanatafuta programu nzuri ya kurekebisha wakati tatizo lao ni kwamba wamechagua picha isiyostahili kurekebishwa. Ukiniuliza mimi, theluthi mbili za kazi yote ziko kwenye kuchagua.

Mzunguko wa kwanza ni wa haraka na hauna huruma. Pita picha moja moja, sekunde mbili au tatu kila moja, ukiuliza swali moja: kuna kitu kimeharibika hapa? Ndege amegeuka mgongo, jicho halina ukali, tawi limepita usoni, mkono umetikisika. Kwa mnyama yeyote, kuza hadi jicho. Bawa likififia, mtu atakusamehe. Jicho likififia, picha imekufa. Usifute bado, zipe tu alama ya kukataliwa. Kwangu, 312 zikabaki 96.

Mzunguko wa pili unachosha, nao ndio unaofundisha. Sasa una makundi ya picha zinazofanana. Mimi nilikuwa na picha 47 za mdiria, yule mweusi na mweupe, anayesimama hewani juu ya maji huku akipiga mabawa, kisha anatumbukia ghafla kama jiwe. Zote 47 zina ndege huyo huyo juu ya maji yale yale. Usizitazame zote kwa pamoja. Weka mbili ubavu kwa ubavu, chagua moja, mshindi akutane na inayofuata, kama mechi za mtoano.

Nikueleze jinsi mechi ya mwisho ilivyokwenda. Picha A: mabawa yamefunguka kabisa, manyoya ya mkia yametanda kama feni, ukali mzuri. Picha B: mabawa yako nusu, bawa la mbali limefichika. Kwa macho ya haraka, A inashinda. Lakini katika A ndege anatazama mbele, na jicho lake, lililo ndani ya manyoya meusi, limezama. Huoni kama lipo. Katika B ameinamisha mdomo, anachungulia maji moja kwa moja chini, na nukta ndogo ya mwanga imekaa juu ya jicho. A inakuonyesha ndege. B inakuonyesha ndege ambaye ameona samaki. Nilichukua B, na sijawahi kujuta.

Basi katika mechi zako tafuta mambo ya aina hiyo: nukta ya mwanga kwenye jicho, kichwa kimeelekea wapi, nyuma yake kuna nini. Nyuma ni muhimu kuliko tunavyodhani. Picha nzuri sana ya mwewe niliitupa kwa sababu waya wa umeme ulimpita shingoni.

Mzunguko wa tatu usiufanye siku hiyo hiyo. Ngoja wiki. Siku ya kwanza bado unakumbuka baridi, umande uliolowesha viatu, na yule askari aliyekuuliza unafanya nini pale. Kumbukumbu hizo zinaipa picha thamani ambayo mtazamaji hataiona. Baada ya wiki, joto la safari limepoa. Zitazame kwanza zikiwa ndogo, ukubwa wa kidole gumba. Picha yenye umbo thabiti inasomeka hata ikiwa ndogo. Ile inayotegemea maelezo yako inageuka doa. Kisha mpe mtu mwingine, na usiseme neno. Mke wangu hapendi kamera hata kidogo, ndiyo maana namwamini: anapita, anapita, akisimama mahali naandika namba.

Kwangu 96 zikawa 11, na 11 zikawa mbili: mdiria, na mitumbwi mitatu ndani ya ukungu. Zile tisa sikuzifuta. Ladha inabadilika.

Hatua ya tatu: nyoosha, halafu kata kingo

Anza na ulalo wa picha. Maji yakiegemea upande, mtu anahisi ziwa litamwagika. Shida ya Kivu ni kwamba ufuko wetu una ghuba na rasi nyingi, na mstari wa ufuko wa mbali unaweza kuonekana umeinama hata kama kamera ilikuwa sawa. Usinyooshe kwa kufuata ufuko. Tafuta kitu na kivuli chake ndani ya maji, mti wa mtumbwi kwa mfano: ncha ya mti na ncha ya kivuli chake lazima ziwe juu na chini, wima kabisa. Hicho ndicho kipimo kisichodanganya.

Kisha kata. Anayetazama au kwenda kulia muachie nafasi kulia. Toa kinachovuta jicho pembeni, kama jani jeupe au kipande cha anga kinachong'aa kwenye kona. Ila usikate mno: kila ukikata unatupa pikseli, zile nukta zinazounda picha, na siku ya kuchapisha utazihitaji.

Kwenye picha ya mitumbwi, kushoto kabisa alikuwepo mtu aliyeinama, nusu amezibwa na mti, akivuruga mstari mzuri wa wenzake. Nikamkata. Picha ikatulia. Nitarudi kwa mtu huyo.

Daima fanya kazi juu ya nakala. Kwenye simu, Snapseed ni ya bure na inatosha sana. Hifadhi matokeo kama faili jipya, la asili libaki kama lilivyo. Kwenye kompyuta mimi natumia darktable, nayo ni ya bure, na haigusi faili lako kabisa: maamuzi yako inayaandika kwenye faili dogo pembeni, na unaweza kuyafuta hata baada ya miaka.

Hatua ya nne: mwangaza kwanza, rangi baadaye

Kabla hujagusa kitelezi chochote, shusha mwangaza wa skrini hadi nusu hivi na ukae kivulini. Nilirekebisha picha nyingi juani, skrini ikiwa imepandishwa hadi mwisho, na nyumbani usiku nikakuta zote ni giza. Skrini inayowaka sana inakufanya uone picha ina mwanga wa kutosha.

Fungua histogramu, ule mlima mdogo wa grafu. Kushoto ni weusi, kulia ni weupe. Mlima ukiwa umegota ukuta wa kulia, kuna mahali pameungua: pamekuwa peupe tupu, na kwenye JPEG hapatarudi. Shusha mwanga mkali kwanza uone kinachookoka, halafu inua vivuli, lakini kidogo tu. Ukiinua vivuli kupita kiasi, chenga zinajitokeza kama zile za televisheni ya zamani, na picha inakuwa bapa.

Msituni mambo yanageuka. Kamera hudhani kila kitu kina weusi wa wastani. Ukiielekeza kwa sokwe mkubwa wa Kahuzi-Biega, yule gorila wa Grauer mwenye manyoya meusi, inaongeza mwanga mpaka mweusi anakuwa wa kijivu. Shusha mwangaza hadi manyoya yawe meusi tena lakini bado unayaona yakigawanyika. Tena, mwanga uliochujwa na majani na mianzi unapaka kila kitu rangi ya kijani, hadi uso wa mnyama. Sogeza joto la rangi kidogo upande wa njano, na kitelezi cha pili, kile cha kijani na waridi, kidogo upande wa waridi. Kidogo nikimaanisha kidogo.

Kwa ukungu wa alfajiri fanya kinyume: usiusahihishe. Programu ikijiamulia yenyewe itaona ubuluu na kuufuta, ukungu ugeuke moshi wa kijivu. Alfajiri ya ziwani ni ya buluu kwa kweli, iache. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, tuna ukungu wa aina nyingine, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, unaofuta vilima vya mbali. Hapo kitelezi cha kuondoa ukungu kinasaidia. Ukikivuta mpaka mwisho, anga linakuwa chafu na vilima vinapata mstari mweupe pembeni kama vimekatwa kwa mkasi.

Kuhusu ukolezo wa rangi, nitasimulia. Toleo la kwanza la mitumbwi yangu nililikoleza mpaka maji yakawa kama rangi ya kupaka ukuta. Nilijivunia. Nikashuka nalo ziwani, nikamwonyesha kwenye simu mzee mmoja aliyekuwa ndani ya picha yenyewe. Akaitazama kwa muda.

"Iyi ni ziwa ya wapi?"

"Ni hapa, Papa. Na wewe uko hapo katikati."

"Apana. Yetu haina rangi ya iyi."

Nikarudi nyumbani nikashusha ukolezo mpaka maji yakawa kijivu chenye buluu kwa mbali, kama yalivyokuwa asubuhi ile. Siku hizi nikimaliza kila picha najiuliza kama mzee yule angelitambua ziwa lake. Kama una mashaka, punguza kila ulichofanya kwa theluthi moja, ulale, utazame asubuhi.

Ukali unaongezwa mwisho kabisa, baada ya kupunguza picha hadi ukubwa wa kutuma. Ukiona manyoya yamekuwa kama sindano, umepitiliza.

Hatua ya tano: nini unaruhusiwa kufuta

Doa la vumbi lililokuwa kwenye kamera, futa. Jani lililokatiza kwenye kona, watu wanabishana. Mimi nakata kingo badala ya kufuta. Lakini kuongeza ndege ambaye hakuwepo, au kuhamisha jua, hiyo si picha ya maumbile tena, ni mchoro. Uuite mchoro.

Swali gumu la hapa kwetu ni plastiki. Chupa zinaelea ziwani, mvua inaziteremsha kutoka vilimani, na kule mto Ruzizi, pale maji yanapotoka ziwani, takataka zinajikusanya mbele ya bwawa la umeme. Marafiki wengi wanazifuta ili picha iwe safi. Mimi siku hizi naziacha, na wakati mwingine ndizo picha yenyewe. Kama unataka maji yasiyo na chupa, tembea mpaka uyapate.

Mashindano makubwa hayana mchezo katika hili, huwa yanadai faili ghafi kabla ya kutoa zawadi. Mwaka 2018, jumba la Natural History Museum la London lilimnyang'anya mshindi wa kundi moja la mashindano yake ya mwaka uliotangulia tuzo yake baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama mla mchwa wa Brazili aliyekuwa kwenye picha alifanana mno na mnyama aliyekaushwa. Mpiga picha alikana. Tuzo haikurudi.

Hatua ya sita: kutuma

Hifadhi nakala ya kutuma kama JPEG, ubora 85 hadi 90 kwa mia, upande mrefu pikseli 2048, nafasi ya rangi sRGB. Ukisahau hilo la mwisho na kuacha Adobe RGB, rangi zitapauka kwenye simu nyingi na utadhani umelogwa. Faili litakuwa dogo pia, na wanaolipa mega watakushukuru.

WhatsApp ikitumiwa kama kawaida inabana picha. Ukituma kama dokumenti, ubora unabaki. Lakini hapo kuna mtego: taarifa zilizofichwa ndani ya faili nazo zinabaki, na simu nyingi huandika humo mahali hasa ulipopigia. Kwa picha ya machweo si neno. Kwa kiota cha kasuku wa kijivu msituni ni hatari. Kasuku huyu amewindwa kiasi kwamba mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ziliamua kufunga biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Zima kibali cha mahali kwenye kamera ya simu, na katika maelezo taja eneo kwa upana: "Kivu Kusini" inatosha. Ukitaka picha yako isaidie sayansi, iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe unavyoviona, ni mahali pazuri. Kwa spishi zilizo hatarini, mtandao huo huficha wenyewe mahali kamili na kuonyesha eneo la kilomita nyingi tu.

Kuhusu gorila, kuwa makini na unachokifanya kionekane cha kawaida. Wanaambukizwa mafua yetu. Tangu COVID-19, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inashauri umbali wa mita 10 au zaidi na barakoa usoni. Picha ya mgeni amesimama karibu na gorila anacheka inawafundisha watu wengine kudai ukaribu huo huo. Ninayo moja ya namna hiyo ya zamani. Haitoki.

Jambo moja la hapa kwetu, kwa ufupi: daraja la mpakani, vizuizi, askari na magari yao si maumbile. Geuza kamera ukiviona, na ukikuta vimeingia pembeni mwa picha, kata kabla hujatuma.

Maelezo chini ya picha yaandike kama unavyomwambia jirani: ni nani, wapi kwa upana, mwezi gani, anafanya nini. Yangu ya ndege ilisema: "Mdiria dume akivizia sambaza, Ziwa Kivu, mwezi wa saba. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja." Watu walibishana siku nzima juu ya mikanda, na wengine walishuka ziwani kuhakikisha.

Amua pia ruhusa mapema. Ukiweka picha Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha huru, unamruhusu yeyote kuitumia, hata kibiashara, mradi akutaje kama leseni inavyodai. Hawapokei leseni ya "isiyo ya biashara". Kama hilo linakuuma, usiweke. Jina lako kubwa katikati ya picha halimzuii mwizi, linamsumbua mtazamaji tu.

Hatua ya saba: chapisha walau moja

Simu inapotea na picha zake. Karatasi inakaa. Kwa uchapishaji mzuri hesabu pikseli 300 kwa kila inchi: picha ya 4000 kwa 3000 inatoa karatasi ya sentimita 34 kwa 25 hivi. Yangu ya mitumbwi, baada ya kukatwa, ilikuwa na 3400 kwa upana, sentimita 28 na ushee. Mwambie fundi wa studio azime marekebisho ya rangi ya mashine yake, la sivyo itakurudishia ziwa la kupaka ukuta. Omba kwanza kipande kidogo cha majaribio.

Nilimpelekea mzee wa ziwani nakala yake ndani ya plastiki. Safari hii alilitambua ziwa. Akaita wenzake, wakahesabu miti, wakatajana majina. Halafu akaigeuza akatazama nyuma, kana kwamba kuna kitu kimeangukia huko.

"Ni muzuri. Sasa ndugu yangu iko wapi?"

Alikuwa kushoto kabisa, ameinama, nusu amezibwa na mti. Nilirudi nyumbani nikafungua faili la asili, nikaondoa mkato, nikaacha mengine yote kama yalivyo, nikachapisha tena. Iliyokatwa ninayo mimi. Ile nzima iko kwake, imetundikwa kando ya kalenda.